Nilikata mabati ya asbesto, na eksirei yangu ni safi: je, nimesalimika?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1999 nilikuwa fundi wa kuezeka. Tulikata mabati ya asbesto kwa grinda kutwa nzima, bila barakoa. Mwenzangu niliyekuwa naye juu ya paa amefariki mwaka jana, wakasema ni saratani ya utando wa mapafu iliyoletwa na asbesto. Nimepiga eksirei, nimeambiwa mapafu ni safi. Sina kikohozi. Sigara navuta, kama sita kwa siku. Je, nimesalimika? Mke wangu ndiye aliyekuwa akifua nguo zangu. Na nyuma ya nyumba yapo mabati saba yaliyobaki. Kijana wangu wa miaka 19 anataka kuyakata ajengee banda."

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa msiba wa mwenzako. Najua ulipopata habari zake ulijipima nafsi yako, maana vumbi alilovuta yeye ndilo ulilovuta wewe.

Eksirei safi ni habari njema, wala usiidharau. Lakini ilichokujibu si ulichouliza. Eksirei inasema mapafu yako yalikuwaje siku ile ulipopigwa. Wewe unauliza habari za miaka inayokuja. Hizo hakuna picha inayoweza kuzisema leo. Pamoja na hayo, kuvuta vumbi la asbesto si hukumu ya kifo. Walio wengi kati ya waliolivuta, hata waliofanya kazi migodini kwenyewe, hawakupata saratani ya utando wa mapafu, ambayo sisi tunaiita mesothelioma. Hatari yako imepanda juu ya ile ya mtu ambaye hakuwahi kuligusa vumbi hilo, na itabaki juu. Ndiyo sababu nataka ujue ni nini kiko mikononi mwako na nini hakipo.

Asbesto ni jiwe linalochimbwa ardhini, ila si jiwe la kawaida. Jiwe la kawaida ukiliponda linakuwa chembechembe za duara au za kona kona. Asbesto hupasuka kwa urefu, kama katani inavyochambuka: kila uzi una nyuzi nyembamba zaidi ndani yake. Unywele wa binadamu una upana wa maikromita 70 hivi; nyuzi za asbesto zinazofika ndani kabisa ya mapafu hazifiki hata maikromita 3. Bati la asbesto ni saruji kwa sehemu kubwa, na asbesto yenyewe huwa kama asilimia 10 hadi 15. Bati likiwa zima, saruji imezishika nyuzi hizo barabara, na mtu anaweza kuishi chini ya paa lake bila kuvuta cha kutisha. Grinda ndiyo inayoharibu mambo. Lile wingu jeupe mliloliona, lililowakaa kwenye kope na kwenye mikunjo ya mikono ya shati, lilikuwa saruji zaidi. Nyuzi zenyewe hamkuziona. Nyuzi hizo huweza kuelea hewani saa kadhaa baada ya wingu kutua, kwa hiyo hata aliyepita kuleta maji ya kunywa baada ya kazi kusimama alivuta yake.

Pua na koo hunasa vumbi kubwa. Uzi mwembamba huponyoka kwa sababu unakwenda sambamba na hewa, kama kijiti kinavyofuata mkondo wa mto, mpaka kwenye vifuko vya hewa. Huko mwili una seli walinzi ambazo kazi yao ni kumeza uchafu. Seli mlinzi ikikutana na uzi mrefu kuliko yenyewe hujaribu kuumeza na kushindwa. Hutapika kemikali zake kali pembeni, kisha hufa. Inakuja nyingine, nayo inafanya vilevile. Nyuzi nyingine husafiri taratibu hadi kwenye utando unaofunika mapafu na kukaa humo. Vurugu hiyo ndogo isiyokwisha, mwaka baada ya mwaka, ndiyo inayojeruhi vinasaba vya seli za jirani, hadi siku moja seli mojawapo inapoteza breki zake na kuanza kuzaana ovyo.

Sasa unaona kwa nini ugonjwa huu unachelewa. Saratani ya mapafu yenyewe kwa kawaida haijitokezi kabla ya miaka 10 hadi 15 tangu vumbi la kwanza. Mesothelioma huchukua mara nyingi miaka 30 hadi 40, na wengine hufikisha 50. Kumbuka kwamba hesabu inaanza siku ile ya kwanza uliyovuta vumbi mwaka 1994, si siku uliyoacha kazi mwaka 1999. Mtu anayeniambia "nimeacha zamani, ingekuwepo ingeshaonekana" ameigeuza hesabu. Kwa mesothelioma, kadiri miaka inavyopita tangu vumbi la kwanza, ndivyo hatari inavyopanda. Wewe umeanza kuingia katika kipindi cha kuwa macho.

Asbesto huleta mengine pia. Kuna mabaka magumu kwenye utando wa mapafu, ambayo hayaumi na si saratani, ila ni ushahidi kwamba vumbi liliingia. Kuna asbestosisi, yaani makovu yanayokaza mapafu hadi mtu anakosa pumzi. Hiyo hutaka vumbi jingi la miaka mingi. Kuna saratani ya zoloto na ya ovari. Lakini kinachokuhusu wewe zaidi ni saratani mbili, ya mapafu na ya utando wake. Nakuomba uzitenganishe akilini, kwa sababu sigara yako inaingia katika moja tu.

Kwenye mesothelioma, sigara haiongezi wala haipunguzi. Kwenye saratani ya mapafu, sigara na asbesto wakikutana hawajumlishani, wanazidishana. Mwaka 1979 Hammond, Selikoff na Seidman walitoa hesabu za mafundi wa Marekani na Canada waliokuwa wakivika mabomba na mitambo vizuia joto vya asbesto. Ukichukua hatari ya mtu asiyevuta sigara na asiyewahi kugusa asbesto kuwa 1, aliyekuwa na asbesto bila sigara alikuwa na 5, mvuta sigara bila asbesto 11 hivi, na aliyekuwa na vyote viwili zaidi ya 50. Tafiti za baadaye zimetoa namba tofauti, na nyingi ni ndogo kuliko hiyo ya mwisho, lakini mwelekeo haukubadilika. Nyuzi zilizomo kifuani mwako siwezi kuzitoa, na hakuna dawa, maziwa, chai ya mitishamba wala mashine inayoweza. Yeyote atakayekuuzia dawa ya "kusafisha mapafu" anakuibia. Sigara sita, hizo zinatoka. Ukiacha leo, hatari ya saratani ya mapafu inaanza kushuka mwaka hadi mwaka, hata kwa mtu aliyefanya kazi na asbesto. Katika yote niliyokuandikia, hakuna lililo na uzito kuliko hili. Kama umewahi kujaribu ukashindwa, usione haya kurudi kwa mtoa huduma uombe msaada. Zipo dawa na vibandiko vya nikotini vinavyopunguza hamu, na wengi hufaulu baada ya kujaribu mara kadhaa.

Kuhusu mke wako, ulikuwa na haki ya kuuliza. Ninaye akilini mgonjwa mmoja, mama wa makamo aliyeletwa kwangu akiwa na maji upande wa kulia wa kifua. Yalikuwa yameshatolewa mara mbili, na mara zote mbili yakajaa tena. Nilimhoji kazi zote alizofanya maishani: shamba, ushonaji, basi. Hakuna asbesto. Walipokuwa wanaaga, binti yake akasema kama mtu anayewaza kwa sauti, "Lakini si baba alikuwa kiwanda cha mabomba?" Mama akakaa tena. Akanisimulia jinsi mumewe alivyokuwa akirudi jioni na ovaroli imekauka vumbi, naye akiipokea mlangoni, akiikung'uta mara mbili tatu, kisha anaitupia begani wakati anatafuta sabuni. Alifanya hivyo miaka tisa. Kinyama tulichochukua kwenye utando kilitupa jibu: mesothelioma.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wawili walieleza wagonjwa 33 wa mesothelioma waliotoka eneo la migodi ya asbesto ya bluu kaskazini-magharibi mwa iliyokuwa Jimbo la Cape, Afrika Kusini. Kilichowashtua watu ni kwamba wengi wao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wameishi karibu na migodi tu, wengine wakiwa watoto. Miaka mitano baadaye, mwaka 1965, Muriel Newhouse na Hilda Thompson wa London wakaonyesha ugonjwa huohuo kwa watu ambao kosa lao pekee lilikuwa kuishi nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto, wakiwemo wanawake waliofua nguo za kazi, au kukaa karibu na kiwanda. Kwa hiyo ujuzi huu una zaidi ya miaka 60. Inaniuma kwamba mwaka 1994 ulipopanda paa lako la kwanza hakuna aliyekwambia, wakati Uingereza ilikuwa na kanuni za vumbi la asbesto viwandani tangu mwaka 1931.

Mke wako naye, basi, aeleze historia hii kila anapokwenda hospitali kwa shida ya kifua. Hatari yake kwa kawaida ni ndogo kuliko yako, kwa kuwa vumbi lililomfikia ni la nguoni. Lakini ndogo si sifuri. Asikae na hofu, na asikae kimya.

Sasa turudi kwenye vipimo. Eksirei ni kipimo cha kuanzia. Uvimbe mdogo, hasa uliojificha nyuma ya moyo au mbavu, huweza kuikwepa, na mesothelioma changa mara nyingi haionekani. CT skani, yaani eksirei nyingi zinazounganishwa na kompyuta, inaona zaidi. Utaniuliza kama upige kila mwaka. Kwa mesothelioma hakuna kipimo cha kuchunguza watu wasio na dalili ambacho kimethibitishwa kuokoa maisha, na kupiga picha ovyo huleta mionzi, gharama na hofu za bure. Kwa saratani ya mapafu hali ni tofauti: utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba CT ya mionzi midogo kila mwaka ilipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20 kwa wavutaji wakubwa wa sigara. Wewe hujafikia kiwango chao cha sigara, lakini una asbesto juu yake. Ningekuwa daktari wako ningekaa nawe tulizungumze hilo kwa kina, tupime na pumzi zako kwa kipimo cha spirometri ili tuwe na kumbukumbu ya kulinganisha mbele ya safari. Na kila mwaka chanja mafua, maana mapafu yenye mzigo hayahitaji mzigo wa pili.

Dalili za kukufanya uondoke nyumbani siku hiyohiyo bila kungoja ni pumzi kuanza kukata ukipanda ngazi ulizokuwa ukizipanda bila shida, maumivu ya upande mmoja wa kifua yasiyoisha, kikohozi kilichovuka wiki tatu, makohozi yenye damu, au kukonda bila sababu. Mesothelioma mara nyingi hubisha hodi kwa maji kifuani, upande mmoja.

Hapo ndipo ninapotaka uwe mkali. Mahali ambapo kifua kikuu kimeenea, mtu mwenye maji kifuani mara nyingi huanzishiwa dawa za kifua kikuu, na mara nyingi ni sawa, kwa sababu ndicho chanzo cha kawaida. Lakini nimeona watu wakimaliza miezi sita ya dawa hizo bila kipimo kimoja kuthibitisha, huku uvimbe ukiendelea kutanuka. Ikikufika, waambie wazi: "Nilikata asbesto kwa grinda miaka mitano." Omba maji yapimwe. Yakipimwa yakakosekana seli za saratani, usiridhike, kwa sababu katika mesothelioma maji peke yake hukosa jibu mara nyingi. Kinachotoa uhakika ni kinyama kinachochukuliwa kwenye utando, ikiwezekana kwa kamera ndogo inayoingizwa kati ya mbavu, kisha mtaalamu wa patholojia, anayepima vinyama kwa hadubini, akipake rangi maalumu za kutofautisha mesothelioma na saratani nyingine.

Tafadhali chukua karatasi leo uandike: miaka uliyofanya kazi, wapi, kwa nani, mabati ya aina gani, mlikata kwa nini, siku ngapi kwa wiki, na majina ya mliokuwa pamoja. Weka nakala kwenye faili lako la hospitali na nyingine nyumbani. Miaka 15 ijayo daktari kijana asiyewahi kuona bati la asbesto atahitaji karatasi hiyo, na nchi zenye sheria ya fidia kwa magonjwa ya kazini huomba maelezo hayohayo. Wengi hupoteza haki yao kwa kukosa pa kuanzia.

Sitakuficha kuhusu tiba. Mesothelioma ikishatokea, kuiponya kabisa ni nadra sana. Kwa muda mrefu dawa za kemo, yaani za kuua seli za saratani, zilizotegemewa zilikuwa pemetrexed pamoja na cisplatin. Tangu mwaka 2020 zimeongezeka dawa za kuamsha kinga, nivolumab na ipilimumab. Katika utafiti uliozipima, nusu ya wagonjwa walivuka miezi 18, dhidi ya miezi 14 kwa waliopata kemo. Miezi minne si mingi kuisoma, ila kwa mtu na familia yake ni kitu. Kutoa maji na kuufunga ule uwazi kati ya tando mbili yasirudi, na kutuliza maumivu sawasawa, ni tiba pia. Mgonjwa asiikose eti kwa kuwa hakuna dawa ya kuponya. Saratani ya mapafu ikikutwa mapema, hiyo hukatwa na mtu akapona, na hii ni sababu nyingine ya kutochelewa na dalili.

Kuna watakaokwambia kwamba mabati yenu yalikuwa ya asbesto nyeupe, na nyeupe haina neno. Ni kweli kwamba asbesto ya bluu na ya kahawia huleta mesothelioma zaidi. Si kweli kwamba nyeupe ni salama. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO limeziweka aina zote za asbesto katika kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Canada, iliyokuwa miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa hiyo nyeupe duniani, iliipiga marufuku mwaka 2018, Marekani ikafuata mwaka 2024. Wanaoitetea hadi leo ni hasa wale wanaoichimba na kuiuza.

Nimeliacha bati la kijana mwisho kwa sababu ndilo pekee ambalo halijatokea. Asiyakate. Si kwa grinda, si kwa msumeno, si kwa kuyavunja na nyundo, wala asiyatoboe misumari. Ana miaka 19. Vumbi la siku moja si sawa na miaka yako mitano, lakini nyuzi atakazovuta zitakuwa na nusu karne ya kukaa ndani yake, na hakuna sababu yoyote ya kuanza safari hiyo kwa ajili ya banda. Mabati hayo yakiwa mazima na yamelala, hayana haraka. Usiyachome moto pia, kwani hupasuka kwa kishindo na kutawanya vipande.

Uliza kwanza ofisi inayosimamia mazingira mahali ulipo: ipo dampo iliyoidhinishwa kuyazika, na nani ana kibali cha kuyabeba? Ukisubiri jibu, siku isiyo na upepo yanyunyizie maji yenye sabuni kidogo hadi yalowe, bila kutumia mpira wa presha. Uvae barakoa ya FFP3, ile ya kuchuja vumbi jembamba, inayokaza usoni, si ya kitambaa wala ile ya hospitali, na nguo utakazozitupa. Yafunge mazima kwa nailoni nene mara mbili, ubandike lebo, uandike kwa herufi kubwa "ASBESTO, USIFUNGUE". Vipande vilivyodondoka viokote vikiwa vimelowa. Usifagie, futa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho nacho kiingie ndani ya nailoni. Watoto wakae mbali mpaka umalize na kuoga.

Na kama ovaroli yako ya zamani bado imening'inia stoo, pamoja na lile boksi la diski za grinda, usivikung'ute kuona hali yake. Vinyunyizie hapohapo vilipo, uvifunge pamoja na mabati.